Uzi wa Neli ya Njano

Hebu fikiria maabara ya shule pale Dodoma, miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, alasiri ya kiangazi. Upepo unapenyeza vumbi chini ya mlango. Mwalimu Scolastika ameinama mbele ya sumaku kubwa, na katikati ya ncha zake inaning'inia neli ya kioo yenye chumvi ya njano.

Chumvi hiyo ina chuma ndani yake, lakini sumaku haiivuti. Yeye huwaeleza wanafunzi taratibu kwamba katika chumvi nyingine ya chuma, ile nyekundu, kuna elektroni moja iliyobaki peke yake, na hiyo ndiyo inayoitikia sumaku. Katika ya njano kila elektroni ina mwenzake, kwa hiyo sumaku huisukuma pembeni kidogo tu.

Siku hiyo neli ya njano iliinama. Haikuelekea sumaku. Ilielekea kifua cha Mwalimu.

Alihamia upande wa pili, neli ikamfuata. Harufu ya udi ikajaa chumbani. Tangu mvua ziishe alikuwa akikonda, na kila alipoinama hapo pumzi ilimtoka kama inayonyonywa.

Aliyekuwa akiitundika neli kwa uzi kila asubuhi ni Paskazia, mwalimu mwenzake, ambaye alipanga naye chumba kimoja tangu watoke chuoni. Mwaka ule Paskazia alifungua duka la vitenge Majengo, na wateja walimjaa hadi watu wakashangaa. Scolastika akamwita aje kuona. Paskazia alisimama mlangoni, akasema ni upepo.

"Sogea basi, shoga yangu."

"Hapa panatosha."

Ndipo Scolastika alipoutazama uzi. Ulikuwa wa zambarau, umechomolewa kwenye pindo la kanga yake mwenyewe Scolastika, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Akaufungua, akafunga neli kwa uzi mweupe wa cherehani. Neli ikajisogeza pembeni kidogo, kama inavyopaswa. Lakini ule wa zambarau, pale juu ya meza, ukaanza kujinyoosha kama ulimi, ukimtafuta, na chupa zikagongana kabatini bila mtu kuzigusa, na kitu kisichoonekana kikavuta pumzi ndefu karibu na sikio lake, pumzi ya kitu chenye njaa kilichoonjeshwa kisha kikanyang'anywa.

"Urudishe, Skola," Paskazia alinong'ona. "Jini linaloniletea wateja liliniuliza nina nani wa karibu. Ningemtaja nani mwingine?"

"Nisipourudisha?"

"Litamrudia aliyeahidi."

Scolastika aliuacha uzi pale mezani. Kisha akachukua mkoba wake, akapita mlangoni bila kumgusa. Nyuma yake alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, polepole, kikielekea pale Paskazia aliposimama.

Jumatatu duka la Majengo halikufunguliwa, wala Paskazia hakuonekana. Maabara haikuwa na mtu. Uzi wa zambarau ulikuwa umefungwa tena kwenye neli, kwa fundo safi, na neli imeinama kuelekea mlangoni, pale alipokuwa amesimama Paskazia.

Ukisahau habari za elektroni, si neno. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: tazama ni nani aliyefunga uzi.