Fundo la Ndama

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Alhamisi tarehe 12 Septemba 1996, Rebeccah alifungua banda lake huko Merigi akakuta kuku wote kumi na mmoja wamekufa.

Banda hilo lilikuwa sifa yake. Lilisimama juu ya miguu iliyovishwa mabati ili nguchiro wateleze, na juu lilikuwa na waya wa kuzuia mwewe. Majirani walilisifu, wengine kwa kusaga meno.

Kufikia saa mbili mshtakiwa alishapatikana: mbwa wa Gitonga, muuza misumari kutoka Nyeri, aliyeonekana na unyoya mdomoni. Edinah, mke wa kaka ya mume wa Rebeccah, aliyeishi naye boma moja, ndiye aliyehimiza zaidi mbwa auawe. Panga lilikuwa tayari. Gitonga alimkumbatia mbwa wake, machozi yakimlengalenga.

Ombati, afisa wa mifugo, aliomba dakika kumi. Aligeuza kuku mmoja mmoja. Hakuona alama ya jino. Shingo zilikuwa zimenyongwa. Akamuuliza Rebeccah kama alikuta mlango wazi.

"Ilikuwa imefungwa. Nilivuta kamba mara moja tu, ikafunguka."

"Na jana jioni ulifunga namna gani?"

"Mafundo mbili ya kukaza. Hiyo huwa nafungua na meno."

Watu hawakuona maana yake. Ombati akabeba mizoga mikono yote miwili, akamwomba Gitonga amfungie mlango. Gitonga alikaza mafundo matatu, kama anayefunga mzigo wa dukani, na kuyafungua ikawa kazi. Kisha zamu ikawa ya Edinah. Mkono wake ulizungusha kamba bila hata kuangalia, kama afanyavyo kila jioni akimfunga ndama asinyonye usiku kucha. Ombati alivuta ncha moja. Fundo likaachia mara moja, kama lile alilolikuta Rebeccah asubuhi.

"Mama, mnyama akishaua hafungi mlango," alisema. "Na hili ni fundo la kufungia ndama; boma hili ni wewe peke yako unafuga ng'ombe."

Edinah alijaribu kucheka, akashindwa. Ulikuwa wivu mtupu, na aliutoa wote mbele za watu.

"Miaka kumi na mbili mimi ndio napelekea mama mkwe maziwa. Rebeccah analeta mayai mwaka moja, sasa mama anaambia kanisa yote mayai ndio imemponya. Maziwa yangu hakuna mtu anataja."

Panga lilirudishwa nyumbani, na Gitonga akaondoka na mbwa wake bila kumuaga mtu. Rebeccah alimgeukia Edinah. Hasira ilikuwepo, lakini kulikuwa na jambo lingine lililomkaa rohoni tangu mwaka huo uanze.

"Kila asubuhi nikimpelekea mama yai," alisema, "ananiuliza kama Edinah amemaliza kukamua. Yai anakula akingojea wewe."