Diski ya Jalila

Mbeyu alishuka Mtopanga jua likizama, miguu imemvimba. Kutwa alikuwa amesimama kiwandani Changamwe akifunga maboksi. Kilichompa nguvu ni ile kompyuta aliyokuwa akiiunda nyumbani kipande kwa kipande, apate kazi za kuchapa, aage kusimama. Kasha alikuwa nalo. Prosesa na feni, tayari. Ilibaki diski tu ya kuhifadhia kazi.

Duka la vipuri la Rashid lilikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Adhana ya magharibi ilikuwa imemtoa.

"Hodi..."

"Karibu, mwanangu."

Nyuma ya meza alikaa mwanamke aliyejitanda leso. Mbeyu hakuwa amemwona alipoingia. Duka zima lilinuka karafuu maiti, kama nyumba ya msiba.

"Shikamoo, mama. Natafuta diski."

"Marahaba. Umechoka wewe..." Alinong'ona kama anayembembeleza mtoto. "Hizo mpya ziache. Nyepesi, haziiwezi kazi. Shika hii."

Akamsukumia diski kuukuu, nzito. Mbeyu akaishika. Baridi yake ikampanda hadi kwapani.

"Hii itakupumzisha. Wataka kupumzika?"

Hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu aliyesimama kutwa?

"Nataka, mama. Nataka sana."

Taa ikazima. Ikawaka.

Kiti kitupu.

Rashid alipoingia, alimkuta palepale, diski mkononi.

"Mamako amenichagulia hii," Mbeyu akasema, ulimi mzito.

"Mama yangu yuko Lamu." Macho ya Rashid yakatua kwenye diski. Akaikwapua kwa kitambaa, asiiguse. "Dada, hii niliifungia kabatini! Ilikuwa ya marehemu dada yangu, Jalila. Ilikuja na vipuri vya mitumba, akaipenda. Tangu aitie kwenye kompyuta yake, akawa anachapa hachoki, halali, hali. Akisema kuna mama humpokea kazi." Akashusha sauti. "Siku tunamzika... chumbani kwake mlikuwa na mtu anachapa. Wallahi, tulisikia sote."

Akamkazia Mbeyu macho.

"Huyo mama amekuuliza lolote? Umemjibu?"

"Hapana," Mbeyu akadanganya. Alikuwa amechoka mno kuanza maelezo.

Rashid akampa diski mpya, ndogo, nyepesi kama biskuti, akamsihi aende moja kwa moja nyumbani.

Alimkuta mumewe, Matthew, kibarazani akipepea jiko la makaa. Matthew alipoinua kichwa, kipepeo kilimponyoka.

"Mbeyu? Umetokea wapi?"

"Dukani. Kwa nini?"

"Si umenipita hapa sasa hivi? Nimekusalimia, ukacheka. Ukasema leo hukuchoka hata kidogo..."



Ndani, nyuma ya pazia, vidole vilikuwa vinachapa.

Tak. Tak-tak. Tak.

Ile kompyuta haikuwa na diski. Ilikuwa bado haijawahi hata kuwashwa.

Mbeyu akamvuta mumewe mkono wakimbie. Matthew akaligeukia pazia. Akaita.

"Mbeyu!"

Vidole vikatulia.

"Abee, mume wangu."

Sauti ilikuwa yake. Ile yake ya zamani, ya kabla ya kiwanda, nyororo, iliyolala ikashiba usingizi.

Matthew akalitazama pazia. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyesimama nje, macho mekundu, nguo zimelowa jasho, miguu imevimba.

Akarudi nyuma hatua moja. Akamkimbia huyu wa nje, akaingia ndani kwa yule wa nyuma ya pazia.