Gauni la Kijani Katika Kila Aya

Walikutana katikati ya barabara, tena kwa fujo. Magari yamesimama, honi zinalia, na mwalimu wa Kiswahili, kavalia gauni la kijani lenye mikono mipana, amechuchumaa kwenye kivuko anaokota madaftari ya wanafunzi yaliyomponyoka. Dereva mmoja akamtolea maneno. Mwalimu akainuka, mkono kiunoni.

"Piga honi mpaka ichoke!"

Kijana mmoja mwenye wino kidoleni alikuwa ameshainama kumsaidia, anacheka mpaka madaftari yanamtoka tena.

"Unacheka nini, kaka?"

"Samahani, dada. Sikiliza, imechoka kweli."

Mwalimu naye akacheka. Yalianzia hapo. Kijana alikuwa mwandishi wa vitabu vya shule. Kazi yake kutunga vile vifungu vya ufahamu pamoja na maswali yake. Simu zikawa haziishi.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mtu wa kalamu, leo umenikumbuka au umekosa cha kuandika?"

Mdogo wake mwalimu, aliyeishi naye chumba kimoja, akawa analala na mto masikioni.

Basi muhula mpya ukaanza, vitabu vipya vikaletwa. Mwalimu akafungua chake mbele ya darasa, akaanza kusoma kwa sauti kifungu cha usalama barabarani. Dada mmoja mzembe, aliyevaa gauni la kijani, alichuchumaa kwenye kivuko... Alipofika kwenye "piga honi mpaka ichoke," akakifunga kitabu. Mzembe! Mbele ya watoto wake mwenyewe! Kumbe siku ile mtu hakuwa akimsaidia, alikuwa akikusanya habari. Na miezi yote hii ya "umekula", ilikuwa ya nini?

Jioni simu ikalia, hakupokea. Ikalia tena, hakupokea. Ilipozidi akaipokea, apate kumpasha vizuri.

"Kumbe mimi ni somo lako?"

"Mpenzi, nisikilize kidogo..."

"Mzembe hana masikio!" Akakata. Kisha akalia, maana alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuuma.

Kesho yake, kazi ni kazi, akarudi kwenye kile kifungu. Swali la mwisho liliuliza lengo la mwandishi, na jibu lililotarajiwa lilikuwa kuonya. Mwalimu alikuwa na lake moyoni.

"Haya, mwandishi ametumia mbinu gani kumkejeli huyu dada?"

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Hajamkejeli, mwalimu. Ametumia takriri. Gauni la kijani analirudiarudia kila aya."

"Hata aya ya taa za barabarani," mwenzake akadakia. "Na ya mvua! Gauni linaingiaje kwenye mvua?"

"Kwa hiyo lengo lake ni nini?"

"Amempenda, mwalimu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akainamia kitabu, akasoma upya taratibu, kama anayechambua mchele. Lo! Dereva hakupewa sura. Askari katajwa, kasahauliwa. Lakini kicheko cha yule dada kimeelezwa mistari kibao, mpaka kijipengo cha meno ya pembeni ambacho mama yake tu ndiye hukikumbuka. Mtu wa kudhihaki hatazami hivyo. Mashavu yakapata moto.

Kengele ilipolia akapiga simu. "Njoo kwenye kivuko. Una swali hujalijibu."

Alikuja mbio, shati limechomoka. "Neno mzembe nililiandika mimi," akasema hata kabla ya salamu. "Somo lilihitaji mkosaji, na kichwani hakukuwa na mtu mwingine ila wewe. Nilitaka kukwambia, nikaogopa. Nisamehe."

"Ulinidhalilisha."

"Najua. Nimeshaomba neno hilo liondolewe."

"Na gauni?"

"Gauni sigusi."

Mwalimu akajitahidi kutocheka, akashindwa. Wakaanza kuvuka. "Haya, lengo la mwandishi ni nini? Na usiniletee hilo kuonya lako."

Kijana akasimama katikati ya kivuko. "Kumwoa. Kama mhusika ataridhia."

Nyuma yao honi ikalia, kali, ya mtu mwenye haraka zake. Mtu wa kalamu, mpole ambaye hata paka hajawahi kumkaripia, akageuka mzimamzima.

"Piga honi mpaka ichoke!"

Mwalimu akacheka, kijipengo nje, akamshika mkono.

"Umepata," akasema. "Sasa tuvuke."