Baridi Itokayo Uvunguni

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majumba ya Rawdah, Jeddah, Keziah alipotumwa kumpelekea fundi chai. Kazi ndogo tu. Gilasi moja, tende kwenye kisahani, na agizo la madam.

"Mwambie afanye haraka, sisi tunasafiri baada ya Isha. Na akimaliza, ule mlango wa uvunguni ufungwe komeo. Sitaki paka wazalie humo."

Madam Nusra na paka walikuwa na vita vyao. Kila alipopita nyuma ya nyumba, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye lile komeo. Hachungulii, hasemi hodi. Anasukuma tu, kraa, kisha anaendelea na simu yake.

Wazee wa madam walitoka Unguja zamani, naye alizaliwa hapa hapa Jeddah, lakini Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno. Wiki ya kwanza Keziah alimshukuru Mungu kwamba nyumba hii hatahangaika na Kiarabu. Wiki ya pili alishajua kwamba matusi huuma zaidi ukiyaelewa yote.

Nyuma ya jumba lenyewe la mawe kulikuwa na banda la mbao, refu, limeinuliwa juu ya nguzo fupi. Bosi Haroub aliona nyumba za namna hiyo akiwa likizo Uturuki, akarudi na wazimu wake. Mbele ya banda palikuwa majlisi ya wageni. Mwisho kabisa, nyuma ya ukuta mwembamba, palikuwa chumba cha Keziah. Chini ya sakafu yote kulibaki uvungu wa mtu kupita kwa tumbo, na mlango mmoja mdogo wa chuma.

Tatizo lilikuwa baridi. Jeddah, mwezi wa Julai, watu nje wanachemka, na wageni wa madam wanaondoka majlisi wakilalamika miguu imeganda. Madam alisema ni AC. Fundi naye alikubali, akaeleza kwamba ubaridi wa AC unashuka, joto na unyevu vinapanda, na dawa yake ni kujaza pamba nene katikati ya boriti za sakafu na kuziba matundu yote ya hewa.

Keziah hakubisha, nani angemsikiliza? Lakini yeye ndiye aliyelala mle. AC ikizimwa, baridi ndiyo inazidi. Inapanda kutoka chini, polepole, inashika nyayo, inashika magoti... na inakuja na harufu ya mafuta ya kupaka mtoto mchanga.

Nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga.

Kabla yake, chumba kile kilikuwa cha mfanyakazi mwingine, Selipher. Madam alimsimulia siku ya kwanza, akionyesha kitanda kwa kidole.

"Mwenzio alikuwa na uchawi. Nimekuta nywele za mtu kazifunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia, uchawi wenu wa bara hauingii kwangu. Nikaitupa. Siku ileile tunakwenda Riyadh, kakimbia. Tumemwandikisha polisi huroob, mtoro, halas. Watu wamemwona Batha anauza chakula."

Kila anayepotea Jeddah huonekana Batha, Riyadh. Soko lile lingekuwa na wote wanaosemwa wako pale, pasingekuwa na pa kuweka mguu.

Asichokijua madam ni kwamba Selipher alikuwa binti wa mama mkubwa wa Keziah. Zile nywele zilikuwa za Peris, mtoto wa Selipher, za kunyolewa mara ya kwanza, bado zinanukia mafuta yake. Mama anayekwenda mbali abebe nini kingine? Kule Vihiga, Kenya, wazee walishachoka kungoja. Walisema mtu akipotelea mbali bila mwili, huzikwa mgomba mahali pake, roho yake itulie. Mama mkubwa alikataa. Alisema hawezi kuzika mgomba mtupu, aletewe kwanza kitu kilichogusa mwili wa mwanawe, hata kitambaa. Ndipo Keziah akamsihi ajenti ampeleke kwa kafili yuleyule, mwajiri wa Selipher. Alikuja kutafuta hicho kitambaa. Alikuwa amepekua nyumba nzima, hadi mifuko ya majoho ya bosi, na hakupata kitu.

Hezron, fundi wa kutoka mtaa wa Mahjar, alijitoa mlango wa uvunguni kwa tumbo, uso mweupe kwa vumbi. Alipokea chai kwa mikono miwili. Alikuwa Mkenya pia, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi.

"Siste, leo umenisaidia," alisema. "Bila wewe ningekesha humu."

Walikuwa wamepatana mchana. Chini ya sakafu simu haishiki, na fundi hawezi kujua baridi iko wapi zaidi. Basi yeye angegonga ubao mara moja kwa chini, na Keziah, akitembea pekupeku juu, angekanyaga mara mbili kwa kishindo pale penye baridi. Hapo ndipo pamba ingewekwa tabaka mbili.

"Nimekusaidia wapi?" Keziah aliuliza. "Madam aliniita alasiri. Tangu hapo niko jumba kubwa, napiga pasi mabaibui ya safari."

Hezron aliacha kunywa.

"Usinichezee."

"Sikuchezei, kaka."

"Nikigonga najibiwa. Mara mbili. Nikisogea, najibiwa mbele kidogo. Umenipeleka... nimepelekwa hivyo mpaka chini ya chumba chako. Huko ndiko alikokanyaga sana."

Wote wawili walitazama banda. Taa za majlisi zilikuwa zimezimwa.

"Umekuta nini huko?" Keziah alinong'ona.

"Hakuna. Boriti tu." Aliangalia pembeni. "Na kitambaa. Leso chafu. Palibaki nafasi kati ya boriti ambayo pamba haikufika, nikaishindilia hapo, nikafunika. Huwa tunafanya hivyo na matambara."

"Ni ya rangi gani?"

"Zambarau. Ina fundo kwenye pindo."

Keziah alishika ukuta. Miezi yote ile alilala juu yake!

Alimwomba Hezron arudi akaitoe. Alimwomba kwa jina la mama yake. Hezron alitikisa kichwa, akaanza kukusanya vyombo vyake haraka haraka. Pikapu ya kampuni ilikuwa inapiga honi getini, na usiku huo huo alitakiwa kupanda basi la Riyadh kwa kazi nyingine.

"Mimi siingii tena humo," alisema. "Hata wewe usiingie. Achana nayo, siste."

Lakini aliacha kisu chake cha kukatia pamba juu ya kizingiti. Labda alikisahau.

Adhana ya Isha ilipoadhiniwa, madam alipanda ghorofani kuswali. Mabegi yalishapangwa mlangoni, na Keziah alitakiwa kusafiri nao. Riyadh wangekaa mpaka mwisho wa likizo, na akirudi nani anajua pamba ile ingefukuliwa na nani. Alijiambia ni kuingia na kutoka tu. Aliwasha tochi ya simu, akabana kisu kwa meno, akaingia kwa tumbo.

Vumbi. Mavi ya paka. Juu ya uso wake, pamba ya njano imebanwa kwa nyaya, safi, kazi nzuri. Kote kulikuwa kimya. Hata honi za barabarani hazikufika. Alipumua kwa mdomo, akatambaa.

Halafu baridi ikamgusa mashavu.

Alijua amefika chini ya kitanda chake. Harufu ya mafuta ya mtoto ilikuwa nzito, kama mtu amefungua kopo puani mwake. Aligeuka chali, akakata waya, akachana pamba, na pindo la zambarau likaning'inia. Alivuta. Leso ikaja yote, ngumu kwa uchafu, fundo lake halijafunguliwa. Alilia hapo hapo, akiwa chali, leso kifuani. Mama mkubwa angezika sasa.

Alipoinua tochi kufuta macho ndipo akaona ubao.

Ulikuwa umekwaruzwa. Mistari mingi, mifupi, imepishana, na katikati ya mistari kipande cha ukucha. Hezron lazima aliviona, naye akafunika kwa pamba, akatoka kunywa chai.

Keziah alielewa kila kitu mara moja. Leso ilitupwa humu. Selipher aliingia kuitafuta, siku ya safari, kama yeye...

Kraa.

Sauti ndogo, ya mbali. Ya mkono uliozoea.

"Madam!" Alitambaa kurudi, akagonga kichwa kwenye boriti, akafika mlangoni. Chuma hakikusogea. Alipiga kwa ngumi, akapiga kwa miguu. Nje, hatua zilikuwa zimeshapita. Aliyatafuta matundu ya hewa kwa vidole, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa yamezibwa, kazi nzuri, hayakupitisha hata mwanga.

Palikuwa na mahali pamoja tu pasipo na pamba. Alirudi huko kwa viwiko.

Juu yake, mlango wa chumba chake ulifunguliwa.

"Keziah! We Keziah! Yalla, gari linangoja."

Keziah alipiga ubao kwa mpini wa kisu. "Madam, ni mimi! Niko chini! Fungua!"

Kishindo kidogo, kama mtu amekaa ghafla kitandani. Kisha sauti ya madam, ya kutetemeka, akisema na simu.

"Haroub... imeanza tena. Ndiyo, kule kule, inagonga. Kama mara ile." Alivuta pumzi. "Mara ile ilikuwa ikiniita kwa sauti ya Selipher. Leo inaniita kwa sauti ya Keziah. Wanajua kuiga hawa..."

"Madam, si jini! Ni mimi!"

"Keziah simwoni. Kakimbia na yeye. Sibaki humu hata dakika."

Madam akaanza kusoma Ayatul Kursii kwa sauti, huku akirudi nyuma. Keziah aligonga mpaka mpini ukapasuka. Kadiri alivyogonga, ndivyo kisomo kilivyoharakishwa. Mlango ulibamizwa. Baada ya muda gari liliwaka, likatoka getini, likaingia barabarani na halikusikika tena.

Hasira ilimjaa Keziah kuliko hofu. Mwanamke yule alimsikia Selipher. Alimsikia akiwa hai, akimwita kwa Kiswahili chao wote wawili, naye akasoma dua akaondoka. Nani aliyekuja baadaye kuutoa mwili, na kwa siri gani, hilo Keziah hakulijua. Alijua tu kwamba kesho kutwa watu watamwona yeye Batha.

Simu haikuwa na mtandao. Tochi ilianza kufifia. Alijifunga ile leso kichwani, kwa sababu baridi ilikuwa inazidi, na akapata wazo la kijinga, la mtu asiye na jingine. Alichukua kipande cha mpini, akagonga ubao mara moja. Kama fundi.

Juu, katika chumba kisicho na mtu, miguu mitupu ilitembea polepole kutoka dirishani. Ikaja hadi juu ya uso wake. Ikasimama.

Ikakanyaga mara mbili.