Kikohozi Ghorofani

Kikohozi kile hakikuwa cha Bibi Gerda. Faridah alikuwa amemtunza mzee huyo miaka kadhaa katika nyumba yake ya Harrow, London, akimwosha, akimlisha, akimgeuza kitandani, na kikohozi chake alikijua kama alivyoijua sauti ya mamake kule Mombasa. Hiki kilikuwa chembamba, cha mtoto, na kilitoka ghorofani, katika chumba kisicho na mtu, wakati Bibi yuko mbele yake anakunywa supu.

Bibi hakukisikia. Masikio yake yalikufa zamani, na watu aliwaelewa kwa kuwasoma midomo. Lakini aliinua macho kuelekea ngazi, akatabasamu, kisha akasukuma bakuli pembeni.

"Nimeshiba," alisema. "Chakula hiki mpelekee yeye."

"Nani, Bibi?"

Bibi aliliona swali vizuri sana. Akageuza uso dirishani.

Tangu siku hiyo akaacha kula. Kila sahani ilibidi ipande ghorofani, na Faridah akienda kuichukua aliikuta imejaa, imepoa, na chumba kinanuka kafuri na jasho la mtoto mwenye homa. Bibi alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Faridah hakuhitaji daktari amwambie nyumba ina nini. Jini lilikuwa linammaliza Bibi wake kidogo kidogo, na Faridah alikuwa amempenda Bibi huyo kuliko alivyodhani mtu anaweza kupenda kazi.

Akampigia simu Maalim Zein, mtu wa Lamu aliyehamia Woolwich, siku za kazi mhasibu, mwisho wa wiki msomeaji wa waliopagawa. Alikuja Jumamosi kwa treni, koti refu, chetezo ndani ya begi la laptop.

"Mwenyewe umemwambia?" alinong'ona mlangoni.

"Nimwambie nini, Maalim? Atakataa tu."

"Haya. Mkalishe sebuleni. Na hiyo smoke alarm uifunge, tusije tukaletewa fire brigade."

Faridah akaivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Kwa Desemba ya London, Magharibi huingia kabla ya saa kumi, watu wengine hata chai ya alasiri hawajanywa. Giza lilipotanda Zein alipanda ghorofani, akatia ubani kwenye makaa, akafunga madirisha yote ya chumba kile, akatoka na kuvuta mlango, akaziba upenyo wa chini kwa taulo. Moshi unaovuja haufanyi kazi, alisema. Akashika kitasa na kuanza kusoma.

Kwanza kikaja kikohozi, kisha kikohozi juu ya kikohozi, kisha viganja vidogo vikaanza kupiga mbao upande wa ndani, chini, usawa wa kiuno cha Faridah, na sauti ya mtoto wa kike ikaita maneno yale yale ya lugha ngeni, ikiyarudia, ikipanda, ikikatika, ikiyarudia tena, huku Zein akizidi kupaza kisomo na kukaza kitasa kwa mikono miwili, na Faridah, aliyesimuliwa tangu utotoni kwamba majini hutukana na kutisha na kudai halua na marashi, akingoja tusi, akingoja dai, asisikie ila mtoto anayeomba, mpaka sauti ikashuka sakafuni, ikawa pumzi, kisha haikuwa kitu.

"Ametoka," Zein alisema. "Alhamdulillahi."

Nyuma yao Bibi Gerda alikuwa amepanda ngazi peke yake, anahema, ameshikilia mbao za pembeni. Aliunusa moshi. Akaliona taulo.

"Mmemfanya nini mtoto?"

"Tumemfukuza, Bibi. Alikuwa anakumaliza."

Bibi akakaa kwenye ngazi.

"Ni mdogo wangu, Trude," alisema. "Sisi Wayahudi, kule Vienna, Wanazi walitufukuza kila mahali. Mpaka bustani ya watoto kuchezea. Kisha ikapatikana treni ya kutuleta watoto Uingereza. Trude, wenye treni walimkataa kwa sababu ya kikohozi. Mimi nikapanda. Nilikuwa na miaka saba, nikapanda. Baadaye Wanazi walimpeleka kambini Poland, yeye na mama. Wakawaingiza chumbani na wengine, wakafunga mlango, wakatia sumu hewani. Maisha yangu yote hajawahi kunijia. Kaja mwaka huu."

Zein alifungua mlango, akaenda kufungua madirisha moja baada ya jingine. Chumba kilikuwa kitupu. Aliita kwa Kiarabu, akaita kwa Kiswahili, kisha akasimama kwenye baridi ile akilia kama aliyefiwa.

"Niliyemtoa siwezi kumrudisha," alisema. "Nisamehe, mama."

Bibi hakumtazama. Alimshika Faridah kidevu.

"Mimi nilikuwa namwona tu. Wewe unasikia. Alisema nini?"

Faridah alitaka kudanganya. Alitaka sana. Lakini macho ya Bibi yalikuwa midomoni mwake, na midomo ikamsaliti.

"Sijui maana yake, Bibi. Alisema, mach auf, Gerda. Mach auf."

"Fungua," Bibi alisema. "Gerda, fungua."

Faridah akapiga magoti. Bibi akamwinua uso kwa vidole.

"Sema tena," aliomba.

Akasema tena. Bibi akaomba tena na tena, kwa sababu hayo maneno ndiyo yote aliyobakiwa nayo ya mdogo wake, na yalikuwa kwenye midomo ya mtu mwingine.

Ndipo ubaridi mwepesi ukamkalia Faridah shingoni, wa kitu kinachotafuta pa kukaa. Alijua ni nini. Majini hupanda watu kichwani, na mtoto wa Kiislamu hufundishwa mapema la kusoma kuyazuia. Aliianza Ayatul Kursi moyoni. Alipofika katikati alimwangalia Bibi, aliyekuwa bado anangoja, akaiacha.

Bibi Gerda, asiyesikia hata ving'ora vya barabarani, aliinua kichwa kama aliyeitwa. Akauliza kitu kwa Kijerumani, polepole, kwa woga wa mtu anayeamsha mtoto. Na Faridah, ambaye hakuijua lugha hiyo, akamjibu.