Aikande na Kondoo Wasio na Mchungaji

Sogeeni, watoto, sogeeni. Vuteni shuka mpaka kidevuni, maana hadithi ya leo ina baridi.

Palikuwa na msichana, jina lake Aikande. Kwao ni Machame, kule migombani, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Siku moja Aikande alipanda ndege na Bibi yake. Wakaenda mbali, mbali, mbali, mpaka nchi ya Welisi. Mama alibaki Machame na ng'ombe.

Huko Welisi kuna milima ya Eryri. Ni mingi, imebanana, kila mmoja na kipara chake cha mawe.

Na huko milimani anaishi Mama Mdogo Eliaichi, mdogo wake Mama. Mumewe ni Baba Mdogo Gethin, mfugaji wa kondoo.

Baba Mdogo Gethin anaongea Kiwelisi. Kiswahili pia anajua. Ila Kiswahili chake kinakwenda polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Shikamoo, Baba Mdogo," alisema Aikande.

"Ma-ra-ha-ba!" alijibu Baba Mdogo. Akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Aikande akampenda hapo hapo.

Kesho yake Mama Mdogo aliwatembeza wageni.

Kwanza waliona ngome. Loo! Ngome ya mawe, kando ya bahari! Ilikuwa na minara ya duara na ukuta mnene.

"Ukuta huu wa nini?" aliuliza Aikande.

"Zamani mfalme alijifungia humo," alisema Mama Mdogo. "Hakutaka maadui waingie."

Sasa mfalme hayupo. Wamebaki njiwa, gruu, gruu, wanachafua ukuta wake wanavyotaka.

Kisha wakaenda bandarini. Shwaaa! Mawimbi yalikuja mbio. Pu! Yakagonga ukuta.

"Na ukuta huu?"

"Huu unazilinda mashua," alisema Mama Mdogo.

Aikande akaelewa. Ukiwa na kitu unachokipenda, unakijengea ukuta.

Halafu akainua macho, akatazama mlimani. Kondoo! Huku kondoo, kule kondoo, juu kabisa kwenye mawe, kondoo!

Hakuna ukuta. Hakuna kamba. Hakuna banda. Hakuna hata mtu mwenye fimbo.

"Kondoo wa nani hawa?" alisema Aikande. "Mchungaji wao yuko wapi?"

Mama Mdogo hakusikia. Alikuwa amemshika Bibi mkono, maana njia ile ina mawe na Bibi ana magoti yake yanayouma. Upepo tu ulijibu: vuuu!

Mnajua, watoto, kule Machame kondoo hazururi. Anakaa bandani, anakatiwa majani, analetewa mpaka mdomoni, kama bwana harusi. Kondoo akitoka, atakula maharage ya jirani. Na jirani akiona, hapo hapatoshi.

Kwa hiyo Aikande alikuwa na wasiwasi. Aliwaza kondoo njia nzima.

Mchana, walipokwisha kurudi nyumbani, Mama Mdogo alienda dukani. Bibi alikaa jikoni na chai yake, akasinzia.

Aikande alijifunika khanga ya Bibi. Akatoka nje, akafungua geti la nyuma. Nje ya geti, mlima.

Na pale, chini ya jiwe, kulikuwa na mwanakondoo. Mdogo! Miguu yake ilikuwa myembamba. Alikuwa amelala peke yake kwenye baridi.

"Mee!" alisema mwanakondoo.

"Wewe wa nani?" aliuliza Aikande. "Mchungaji wako yuko wapi?"

"Mee!"

Masikini! Aikande alimwonea huruma. Alimfunga kwenye khanga, akambeba mikononi, huyooo, mpaka jikoni.

Nyuma ya jiwe, watoto, alikuwepo mama yake. Alikuwa anakula nyasi. Aikande hakumwona.

Bibi alifumbua jicho moja. "Hee! Mjukuu wangu, umetoa wapi kondoo?"

"Alipotea, Bibi. Hana mchungaji."

"Umefanya vizuri sana," alisema Bibi. "Watu gani hawa wanaacha mifugo ovyo? Mletee majani ya kabichi."

Aikande alileta majani ya kabichi. Mwanakondoo hakula.

Alileta maji kwenye bakuli. Mwanakondoo hakunywa.

"Mee!" alilia. "Mee! Mee!"

Mlango ukafunguka. Kri! Waliingia Mama Mdogo na Baba Mdogo Gethin.

"Jamani!" alisema Mama Mdogo. "Kondoo jikoni! Mama, na wewe umekaa tu unamtazama?"

"Amepotea huyo," alisema Bibi. Akanywa chai yake, puu, kama mtu asiye na kosa.

Baba Mdogo Gethin hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Aikande.

"Hakupotea," alisema polepole. "Alikuwa kwake."

"Lakini pale hapana ukuta!" alisema Aikande.

"Kondoo wangu hawana ukuta. Wana cynefin."

Hilo ni neno la Kiwelisi, watoto. Semeni na ninyi: ka-NE-vin. Tena: ka-NE-vin. Haya, sasa mnajua Kiwelisi.

"Cynefin ni ile sehemu ya mlima ambayo kondoo anajua ni kwake," alisema Mama Mdogo. "Mama humwonyesha mtoto. Nyasi zetu ni hizi. Maji yetu ni haya. Mvua ikinyesha, tunajificha hapa. Mtoto akikua, naye anamwonyesha wake."

"Na huyu ameshaonyeshwa?" aliuliza Aikande.

"Bado," alisema Baba Mdogo. "Ndiyo kwanza anaanza. Na sasa mama yake anamtafuta."

Machozi yakamjia Aikande. Yeye alitaka kusaidia, kumbe amemchukua mtoto wa mtu!

Baba Mdogo alichungulia dirishani. Ukungu ulikuwa unashuka mlimani, mweupe, polepole.

"Twende sasa hivi," alisema. "Ukungu ukifunika, hatutamwona mama yake. Na huyu hajanyonya."

Alinyoosha mikono ambebe mwanakondoo.

"Hapana," alisema Aikande. Akajifuta machozi. "Nimemchukua mimi. Nitamrudisha mimi."

Bibi aliweka kikombe chini. Alimweka mwanakondoo mgongoni kwa Aikande, akamfunga kwa khanga, kaza, kaza, kama mtoto wa mtu.

"Nenda, mjukuu wangu," alisema. "Na mimi nilikosea. Mwambie mama yake samahani yangu."

Wakapanda. Baba Mdogo mbele, Aikande nyuma. Chwa! Chwa! Chwa! Buti zilizama kwenye tope.

"Mee!" alilia mwanakondoo mgongoni.

"Nyamaza," alisema Aikande. "Tunakwenda kwa mama."

Chwa! Chwa! Chwa! Chini kabisa ngome ilionekana ndogo. Kisha ukungu ukaifunika. Bahari nayo haikuonekana tena.

"Mee!"

"Nyamaza. Tunakwenda kwa mama."

Chwa! Chwa! Chwa! Wakafika kwenye mawe makubwa. Baba Mdogo alisimama, na Aikande akasimama.

Ukungu kila mahali! Kondoo walikuwepo, lakini walionekana nusu nusu. Hapa masikio. Pale mkia.

"Mbeee!" huku.

"Mbeee!" kule.

"Yupi ni mama yake?" alinong'ona Aikande. "Wote wanafanana!"

"Usichague wewe," alisema Baba Mdogo. "Mwache yeye aite."

Aikande alifungua khanga. Akamweka mwanakondoo chini.

"Mee!"

Kimya.

"Mee! Mee!"

Ndipo, kutoka mbali, ikaja sauti nzito, iliyochoka kuita.

"MBEEE!"

Kondoo mmoja alitokea ukunguni. Alikuja mbio, tena mbio, mbio! Moyo wa Aikande uliruka kwa furaha.

Kondoo alisimama. Akamnusa mwanawe. Nf, nf, nf.

Kisha akarudi nyuma. Akapiga mguu chini. Ta!

"Mee?" alisema mwanakondoo. Akasogea.

Ta! Mama akarudi nyuma tena.

"Hamtaki!" Aikande alilia. "Baba Mdogo, hamtaki mtoto wake!"

Baba Mdogo alikuna ndevu. "Sauti anaijua," alisema. "Lakini harufu si yake."

Aikande alipiga magoti. Akamnusa mwanakondoo. Nf, nf, nf.

Lo! Mwanakondoo alinukia sabuni ya mche. Alinukia moshi wa jikoni Machame. Alinukia khanga. Mwanakondoo mzima alinukia Bibi!

Aikande alipenda harufu ile kuliko harufu zote. Lakini mama kondoo hamjui Bibi.

Basi aliitupa khanga pembeni. Aling'oa nyasi za pale pale, zilizolowa, akampangusa mwanakondoo. Suu, suu, mgongoni. Suu, suu, tumboni. Suu, suu, nyuma ya masikio.

Akachota na tope la pale pale, akampaka kidogo miguuni. Mikono yake iliganda kwa baridi, lakini hakuacha.

"Nyasi zenu ni hizi," alimwambia. "Maji yenu ni haya. Nenda sasa."

Mwanakondoo alienda kwa mama yake. Alitetemeka.

"Mee."

Mama akainamisha kichwa. Nf. Nf, nf. Nf, nf, nf.

Aikande alishikilia pumzi. Baba Mdogo naye, mtu mzima na ndevu zake, alishikilia pumzi.

"Mbeee," alisema mama kondoo, taratibu.

Mwanakondoo aliingiza kichwa tumboni kwa mama yake, akanyonya. Mkia wake ulicheza: tiki, tiki, tiki, tiki!

Aikande alicheka na machozi yakamtoka, vyote kwa pamoja.

"Samahani, Mama Kondoo," alisema. "Na Bibi anasema samahani."

"Da iawn, Aikande," alisema Baba Mdogo. Kwa Kiwelisi hiyo ni "vizuri sana". Alimshika mkono ulioganda, akaupuliza mpaka ukapata joto.

Walishuka polepole. Katikati ya njia Aikande alisimama.

"Kumbe wana mchungaji!" alisema. "Mchungaji wao ni mama."

"Ndiyo," alisema Baba Mdogo. "Mimi ni msaidizi tu."

Nyumbani palikuwa na supu ya moto. Aikande alikunywa, akaongeza, akaongeza tena.

Bibi alinusa khanga yake. "Mungu wangu! Khanga yangu inanuka kondoo!" Akajifunga hivyo hivyo.

Basi ikafika saa ya kulala. Ila kule Welisi, watoto, hata kiangazi kina baridi, na jua lake ni kaidi. Watu wanaingia kitandani, lenyewe bado linachungulia dirishani.

Aikande alikuwa amejifunika mpaka puani. Simu ya Bibi ikalia. Ni Mama, kutoka Machame!

Picha iligoma, kwa sababu ya milima. Sauti tu ndiyo ilipita.

"Haloo?" alisema Mama. "Mnanisikia? Nani yuko hapo?"

Aikande alimtazama Bibi. Macho yake yalimeta. Akasogeza mdomo kwenye simu.

"Mee!" alisema.

Bibi aliziba kinywa asicheke.

"Nani?" aliuliza Mama.

"Mee! Mee!"

Aikande akasubiri, shuka amelikamata kwa mikono miwili.

Kisha sauti ya Mama ikaja, kutoka kule migombani, ikapita bahari, ikapita ngome, ikapanda milima yote ya Eryri.

"Huyo ni wangu," alisema Mama. "Huyo ni wangu kabisa."

Aikande akafumba macho. Jua lilikuwa halijalala bado, lakini yeye alilala.