Waya wa Prosesa

Feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka, na plagi yake ilikuwa mkononi mwa Fundi, mbali na ukuta.

Walimwita Fundi Haraka, na ile methali ya baraka hakuwahi kuwa na subira ya kuisikiliza hadi mwisho. Juzi, akimuundia mkewe kompyuta ya kurekodia vitabu vya wasioona, alichukua waya wa kadi ya picha akaukandamiza kwa koleo kwenye tundu la prosesa, ubongo wa kompyuta. Pini nane kwa pini nane, alijiambia, yote mamoja. Tangu saa ile mkewe alikuwa bubu, na sauti yake ilitoka ndani ya kompyuta.

"Ulimfungulia jini mlango usio wake," mganga, bibi kizee aliyeitwa kumtibu mke, alinong'ona. "Chomoa waya huo, mwanangu. Chomeka wa haki, kwa mkono uleule. Na akikuita, usimjibu."

"Bibi, na nikikosea?"

"Mkeo hatasema tena."

Fundi aliogopa, tusifichane. Akauchomoa. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani.

"Mume wangu, usichomeke mwingine, unaniua," sauti ya mkewe ikalia ndani ya kompyuta, na Fundi, jasho likimwingia machoni, akazipapasa nyaya, zote nyeusi, maandishi yamefutika, huu unagawanyika sita na mbili, ule nne kwa nne, na wa prosesa ndio huo wa nne kwa nne, alijua tangu mwanzo, ila sauti ikazidi kumsihi, ikamwita kwa jina ambalo mkewe humwita wakiwa wawili tu, mpaka moyo ukamshinda, akajibu, "Nivumilie, mke wangu, namaliza," akausukuma waya, ukaingia bila kulazimishwa.

Feni ikasimama. Harufu ikakata. Mkewe, aliyekuwa amejikunyata kitandani, akakohoa, akashika koo.

"Mume wangu," akasema kwa kinywa chake mwenyewe, machozi yakimtoka. "Nimepona!"

Mganga hakufurahi. "Ulimjibu?" akauliza taratibu. "Mwanangu, kwa nini ulimjibu?"

Fundi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Sema basi, mbona unanitisha?" Mkewe akamshika bega.

Feni ikaanza kuzunguka.

"Nivumilie, mke wangu," kompyuta ikajibu kwa sauti ya Fundi. "Namaliza."